Mita Mbili Nilizowaongezea Tolvan

Ninyi vijana wa Tensta na Hallunda, hapa Stockholm, mnaofanya kazi ya viwanja wakati wa likizo, nimesikia mnavyonisema. Mnasema Mzee Salva alipiga mistari nyeupe kwenye nyasi za Spånga miaka nenda rudi na hajui sheria hata moja ya mchezo. Ni kweli, isipokuwa moja. Mechi nilizitazama kila wiki, lakini macho yangu yalikuwa kwenye mistari. Watu wakirukaruka kwa furaha, mimi nilikuwa nanung'unika kwamba wanaruka juu ya rangi mbichi.

Leo nawaandikia habari ya timu ambayo haipo tena. Iliitwa Tolvan, yaani Kumi na Mbili, na ilicheza mpira wa Kanada, ule wa helmeti na mabega ya plastiki, mpira wenyewe umechongoka huku na huku. Wengi wenu mmeisikia kama mzaha tu. Mmeambiwa Tolvan iliuawa na mguu wa Patrice, aliyepiga mpira ukaishiwa nguvu njiani. Mpaka leo, mtu akiangusha kijiko pale ukumbini Hallunda baada ya ibada, anaambiwa, "Umepiga kama Patrice!" Nami nimecheka pamoja na wanaocheka, miaka yote hiyo. Sasa sikilizeni. Mguu wa Patrice haukuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa la mkono wangu, kisha la mdomo wangu, na nataka kulieleza mwenyewe kabla hamjanizika kwa sifa zisizo zangu.

Nianze na kazi yenyewe, maana bila kazi hamtaelewa kosa.

Bujumbura nilikuwa karani wa ghala la kahawa, mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni. Nilipofika Stockholm nikaambiwa kuna nafasi ya vaktmästare kwenye uwanja wa michezo wa Spånga. Neno refu lile nilidhani ni cheo, kumbe ni mtunza uwanja. Niliwapigia ndugu zangu nikawaambia nimekuwa msimamizi mkuu wa michezo, na siku ya kwanza nikaenda kazini na tai. Mtu aliyenipokea alikuwa Bengt, Mswidi mrefu aliyebakiza miaka michache astaafu. Aliitazama tai yangu, akaitazama mashine ya rangi, akasema kwamba itanaswa na gurudumu. Hakusema neno jingine mpaka saa ya kahawa.

Bengt ndiye aliyenifundisha yote ninayoyajua, na alinifundisha kwa maneno ambayo ukiyakusanya hayajazi ukurasa. Ukisukuma mashine usitazame gurudumu, tazama kigingi kilicho mbele yako, maana mtu huenda anakotazama. Kona ya uwanja huipati kwa jicho. Chukua kamba, pima tatu upande huu, nne upande ule, na kama kati yake hapatoki tano sawasawa, kona yako imelewa. Rangi ipigwe nyepesi mara mbili, isipigwe nzito mara moja. Usipige rangi wakati bata bukini wako uwanjani. Hilo la mwisho nilidhani ni utani wa Kiswidi, hadi bata bukini arobaini walipotembea juu ya mstari wa katikati wakausambaza mpaka kwenye maegesho ya magari.

Mduara wangu wa kwanza wa katikati ulitoka kama kiazi kitamu, kwa sababu niliilegeza kamba kila nilipochoka. Bengt aliuzunguka taratibu, mikono nyuma, akasema unavutia. Nilifurahi, nikamsimulia hata mke wangu. Nilichelewa sana kujua kwamba Mswidi akikwambia kitu chako kinavutia, kifiche haraka.

Na kulikuwa na fundisho moja ambalo Bengt alilirudia mara nyingi kuliko mengine yote: pima kila mara kutoka sifuri. Maana yake, ukitaka kupiga mistari mingi mfululizo, usipime wa pili kutoka wa kwanza, na wa tatu kutoka wa pili. Rudi kila mara kwenye mstari wa mwanzo na uvute tepu upya, hata kama magoti yanalia. Ukipima kutoka mstari mmoja hadi mwingine, kosa dogo la kwanza linazaa, na watoto wake wanazaa.

Nilimwitikia. Nilikuwa hodari sana wa kuitikia.

Sasa niwaambie juu ya mama yangu, na msidhani nimepotea njia. Mama aliuza maharage sokoni Bujumbura. Alipima kwa kopo, akalijaza mpaka juu, kisha akachota konzi moja akaitupia ndani ya mfuko wa mteja. Hiyo ni nyongeza, na kila muuzaji mwenye heshima aliitoa. Aliyekupimia kopo kavu bila nyongeza aliitwa mchoyo, na watoto wake tuliwaonea huruma shuleni. Mimi nilikua nikiamini kwamba kipimo kilicho sawasawa kabisa ni aina ya wizi.

Kwa hiyo niliposhika tepu Spånga, mkono wangu ulijua kazi moja tu. Nikifika kwenye alama, naweka kiganja changu mbele yake, nachoma kigingi upande wa pili wa kiganja. Nilijiambia tepu hulegea, nyasi zina mawimbi, asije mtu akadhulumiwa. Sikuona kosa, niliona malezi. Na kwenye mpira wa kawaida haikudhuru kitu, kwa sababu Bengt alikuwa ameacha vishimo vidogo vya chuma ardhini kwenye kila kona, na mimi nilikuwa nafuata vishimo tu.

Halafu akaja Désiré.

Désiré ni Mrundi mwenzetu aliyelelewa Montréal, akaja Stockholm kwa ajili ya kuoa. Alikuwa mfupi, mwenye kifua kikubwa, na alikuwa na huzuni ya mtu ambaye ameacha kitu nyumbani na hakuna anayekijua hicho kitu. Waswidi walikuwa na timu za mpira wa helmeti, lakini walicheza wa Kimarekani. Désiré alisema wa Kimarekani ni kama chai isiyo na tangawizi. Akakusanya vijana wa Tensta, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Waganda wawili, na Waswidi waliochoka kukaa benchi kwingineko. Akaja ofisini kwangu na karatasi.

"Mzee Salva, c'est simple," akasema. "Sisi tuko kumi na mbili uwanjani, si kumi na mmoja. Tuko na majaribio tatu ya kusogeza mpira, si ine. Na terrain iko mrefu kidogo."

Kila mtu aliyewahi kuniambia jambo ni rahisi amenipotezea miaka. Uwanja wa Kanada, vijana, una yadi mia moja na kumi kutoka mstari wa goli hadi mstari wa goli, na nyuma ya kila goli kuna eneo jingine la yadi ishirini. Ukijumlisha, unatoka nje ya uzio wetu, unavuka njia ya baiskeli, unaingia kwenye bustani ya mtu. Tukakubaliana kuyakata maeneo ya nyuma. La kusini liliishia kwenye uzio. La kaskazini liliishia kwenye shimo la mchanga la wanaoruka urefu, na kijana mmoja wa Tolvan aliwahi kudaka mpira wa pointi sita akiwa amezama mchangani hadi kwenye vifundo vya miguu.

Kati ya mistari ya goli kulikuwa na mistari mingine kila baada ya yadi tano. Hesabuni wenyewe: nafasi ishirini na mbili. Hapakuwa na vishimo vya chuma vya kunisaidia. Palikuwa na mimi, tepu, magoti, na kiganja cha mtoto wa muuza maharage.

Niliipenda timu ile, siwezi kuficha. Walikuja kwangu kuazima sindano, pampu, kitunguu cha kuzuia damu ya pua, jambo ambalo halizuii chochote lakini mama wa Kiganda alilisisitiza. Waliniita Tonton, yaani mjomba. Niliwafulia jezi kwenye chumba cha kufulia cha jengo letu mpaka jirani akabandika karatasi ukutani kuuliza kwa adabu ni familia gani yenye watu ishirini na nane wanaovaa namba. Mke wangu, Mama Alice, alinitazama nikikunja jezi, akasema, "Baba Alice, watoto wako wenyewe hujawahi kuwakunjia hata soksi."

Désiré alinieleza sheria mara nyingi. Nilishika moja tu, kwa sababu ilinichekesha. Katika mpira wa Kanada kuna pointi moja ya ajabu ambayo yeye aliiita rouge. Ukiupiga mpira kwa mguu ukavuka mstari wa goli la wenzako, na wao wakashindwa kuutoa tena mbele ya mstari ule, unapewa pointi moja.

"Kwa hiyo mnapewa zawadi kwa kukosa?" nikamwuliza.

"Mzee, ndiyo Canada," akasema Désiré, na macho yake yakalowa kidogo.

Mnajua ligi yenyewe ilikuwa ndogo, timu nne tu nchi nzima zilizokuwa tayari kucheza mpira wa namna ile. Ikaamuliwa kwamba msimu unaofuata zibaki tatu. Ya mwisho itoke. Na timu isiyo na ligi haikupewa saa za uwanja, na timu isiyo na saa za uwanja ni orodha ya majina. Mechi ya mwisho ya vuli ikawa nyumbani kwetu dhidi ya timu kutoka Uppsala. Wao sare iliwatosha. Sisi tulipaswa kushinda.

Ijumaa nilipiga mistari peke yangu. Bengt alikuwa anahesabu siku zake za mwisho kazini na mgongo wake ulikuwa umegoma. Baridi ilikuwa imeanza kuingia kwenye vidole. Nilianza mstari wa goli la kusini, nikapima yadi tano, nikaweka kiganja, nikachoma kigingi. Kutoka hapo nikapima tano nyingine, nikaweka kiganja. Sikurudi sifuri hata mara moja. Nilitaka uwanja uwe mzuri kwa ajili yao, na ulikuwa mzuri. Mistari ilinyooka hata Bengt alipopita akasimama, akatoa mkono mfukoni, akaurudisha. Kwake yeye hayo yalikuwa makofi.

Jumamosi kulikuwa na manyunyu. Mama zao walikuja na miavuli na mandazi. Sitawasimulia mechi nzima kwa sababu sikuielewa. Najua tu kwamba ilipobaki pumzi moja ya mchezo, timu zilikuwa sawa. Tolvan walikuwa na mpira na jaribio moja. Désiré akamwita Patrice.

Patrice alikuwa na miaka kumi na tisa, mtoto wa Mama Joselyne wa Tensta, mrefu, mpole, asiyeongea. Kazi yake ilikuwa moja tu kwenye timu, kupiga kwa mguu, na aliifanyia mazoezi peke yake kwenye ukuta wa shule hadi walimu walipomfukuza. Hakuhitaji kufunga. Alihitaji mpira uvuke tu mstari wa kaskazini, ile rouge, pointi moja.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mstari huo huo na ndoo yangu. Nilimwona akipiga. Mpira ulipaa vizuri, ukatua, ukadunda, ukaanza kubingirika kwenye nyasi zilizolowa, ukija kwangu. Vijana wetu walikuwa wameshamzingira mchezaji pekee wa Uppsala aliyebaki nyuma. Mpira ukapunguza mwendo. Ukasimama. Ulisimama mbele ya mstari wangu kwa umbali wa hatua moja na nusu. Yule mtu wa Uppsala akauangukia pale pale, kipenga kikalia, sare. Kama angeuangukia nyuma ya mstari, pointi ilikuwa yetu.

Désiré alitupa kofia chini. "Mais enfin, Patrice! Pointi moja tu! Hata mtoto wa chekechea angaliupitisha!"

Alisema mbele ya wote, na mbele ya Mama Joselyne. Patrice alivua helmeti, akaishika kwa mikono miwili, akaenda nayo chumba cha kubadilishia nguo. Hakucheza tena. Mimi nilitikisa kichwa na kumsikitikia, nikaenda kuosha brashi.

Jumatatu asubuhi walikuja wapimaji. Uwanja ulikuwa uwekwe nyasi za bandia, kwa hiyo dada mmoja alisimamisha chombo chake cha miguu mitatu, akapima kila kitu kilichokuwapo. Akaniita. Akaniuliza ni nani amepaka hapa, maana kati ya mistari hii ya goli kuna mita mbili na kitu za ziada.

Nilihisi kiganja changu cha kulia kikipata joto. Kiganja kimoja, mara ishirini na mbili. Nilifanya hesabu pale pale nimesimama, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu hesabu ilitoka sawasawa. Mpira wa Patrice ulikuwa umepungukiwa na hatua moja na nusu. Mimi nilikuwa nimeongeza zaidi ya hiyo.

"Laget," nikamjibu. Timu.

Neno moja tu hilo. Wiki ile nilikuwa nimeambiwa nitachukua nafasi ya Bengt, na niliogopa. Yule dada aliandika kwamba klabu ilijipigia mistari yenyewe, vibaya. Hakukosea kitu, aliandika alichoambiwa na mtu mwenye funguo.

Majira ya baridi Désiré aliomba, kwa ruhusa ya pekee, saa kwenye uwanja mwingine, apate mahali pa kuwaweka vijana pamoja wakati anatafuta ligi. Akajibiwa kwamba klabu inayojipigia mistari bila ruhusa na kwa vipimo vya kukosea itabidi isubiri. Akaja kwangu, theluji ikiwa kwenye mabega.

"Mzee Salva, wanatuchanganya na watu wengine. Ni wewe unapigaka mistari. Si uwaambie?"

"Nitawaambia," nikasema.

Sikuwaambia. Kufikia majira ya kuchipua vijana walikuwa wametawanyika, mmoja huku, mwingine kule, na helmeti zikauzwa kwa shule moja ya michezo ya kuigiza. Tolvan ikawa imekufa, na mimi nikawa na ofisi ya Bengt.

Msidhani sikujitetea. Nilijitetea miaka mingi, kwa hoja nzuri kabisa, mbele ya hakimu ambaye ni mimi. Nilijiambia mistari yote ilisogea, kwa hiyo huenda na mchezo wote ulisogea nayo. Nilijiambia uwanja uliwadhulumu wote kwa usawa, kwani Uppsala nao hawakukimbia mita zile zile? Nilijiambia labda manyunyu, labda kiatu. Lakini mtu aliyesimama nyuma ya mstari na ndoo, akauona mpira ukisimama, hadanganyiki na hesabu zake mwenyewe.

Miaka michache kabla sijastaafu ikaletwa roboti. Ninyi mnaijua, ile inayotembea yenyewe kwa kufuata setilaiti, ukubwa wake kama kigari cha mtoto. Inapiga uwanja mzima wakati wewe unakunywa kahawa. Wiki nzima ya kwanza niliifuata nyuma na tepu yangu, nikiiombea ikosee. Haikukosea hata unene wa ukucha. Wenzangu walidhani ni mzee anayeogopa mashine. Kumbe nilikuwa naona wivu kwa kitu kisichokuwa na mama sokoni.

Na ninyi, hata kama mnaitumia roboti, jifunzeni kamba na vigingi. Betri huisha. Pia jifunzeni kusema "ni mimi" mapema, kosa lingali dogo na linatosha kinywani.

Basi. Juzi juzi hapa, Jumapili moja, tulikuwa Hallunda ukumbini, chai imeshamiminwa. Kijana mmoja alirusha kikombe cha karatasi kwenye pipa la taka, kikaanguka chini karibu kabisa na pipa. Ukumbi mzima ukamrukia: "Umepiga kama Patrice!" Patrice mwenyewe alikuwapo, sasa ni baba wa mtu, amenenepa kidogo, ameshika mkono wa binti yake wa miaka sita. Alicheka kama anavyocheka kila mara. Binti akamwangalia.

"Pappa, varför säger de så?" akauliza. Kwa nini wanasema hivyo?

"Baba alikosa mpira zamani," Patrice akamwambia.

"Missade du?" Ulikosa?

"Ndiyo, mama. Nilikosa."

Akaweka kikombe chake chini bila kukimaliza, akaenda kutafuta koti la mtoto. Nilimtazama mgongo mpaka akatoka. Niliona aibu niliyodhani umri ulikuwa umeniondolea.

Kwenye treni ya kurudi nilimwambia Mama Alice kila kitu, kiganja, neno "laget", theluji kwenye mabega ya Désiré. Alinisikiliza vituo vitatu.

"Miaka yote hii umelala kitandani kwangu na mita mbili?" akasema. "Na mimi nilikuwa nakukanda mgongo!"

"Nimwambie nani kwanza?"

"Baba Alice, wewe ni mtu mzima. Usiniulize mimi njia ya kwenda kwa watu uliowakosea. Treni unazijua."

Nikaandika hotuba. Karani haponi ukarani. Ukurasa mmoja, mbele na nyuma, ulioanza na salamu na kuishia na msamaha, katikati kukiwa na hali ya hewa ya mwaka ule. Jumamosi nikaenda Spånga kwa Désiré. Sasa anafundisha Kifaransa, nywele zimekimbilia nyuma, kifua kimeshuka kikawa tumbo. Alinikaribisha, akanipa kahawa, nami nikasahau hotuba mfukoni nikamwambia vibaya vibaya, kuanzia mwisho.

Alisikiliza. Akaunyoosha mkono wake, akaweka kiganja juu ya meza, akakitazama.

"Kiganja, Mzee?"

"Kiganja."

"Cha maharage?"

"Cha maharage."

Alicheka, kisha akaacha ghafla. "Kiganja nakusamehe. Mimi pia nilikuwa na mama. Lakini nilikuja kwako na theluji, Mzee. Ukasema utawaambia."

"Nilisema."

"Tolvan, équipe yangu, ilikuwa ingali hai siku ile."

Désiré alisimama akaenda dirishani akakaa huko muda mrefu kiasi kwamba nilidhani ananingoja niondoke. Nikachukua kofia yangu.

"Kaa," akasema bila kugeuka. "Mimi nilimpigia kelele mtoto wa watu mbele ya mama yake. Kwa kitu alichokifanya vizuri."

Akachukua simu, akatafuta jina, akabonyeza, akaiweka katikati ya meza na sauti wazi. Ikaita mara nne. Nilikuwa bado na kofia mkononi.

"Ja, Patrice."

"Patrice, ni Désiré. Niko na Tonton Salva hapa. Ana neno."

Nikaitoa hotuba mfukoni. Mstari wa kwanza ulikuwa wa salamu. Nikaikunja tena.

"Patrice, mwanangu," nikasema, "ile mechi ya Uppsala. Uwanja niliupima mimi. Niliupima vibaya. Mstari wa kaskazini niliuweka mbali, zaidi ya mita mbili. Nilijua Jumatatu yake na nikanyamaza, nikasema ni ninyi."

Nyuma yake nilisikia maji ya bomba na sahani.

"Mita mbili?" akauliza.

"Na kidogo."

"Mpira ulisimama mita moja na nusu hivi." Alikumbuka. Bila shaka alikumbuka, nani mwingine angekumbuka? "Tonton, sema polepole. Mstari ungekuwa mahali pake, mpira ungekuwa wapi?"

"Ndani, Patrice. Ulivuka. Ulipiga vizuri na ulivuka."

Maji yakafungwa.

"Den var inne," akasema, kwa sauti ndogo, akijiambia mwenyewe. Ulikuwa ndani. Nikavuta pumzi nianze sehemu ya msamaha, nilikuwa nimeipanga vizuri, lakini nikasikia kiti kikisukumwa na sauti yake ikawa mbali, akipaza kwa mkewe na kwa mtoto, "Den var inne! Mnasikia? Den var inne!" Yule binti akauliza mpira gani, baba, mpira gani, na hakujibiwa, akaanza tu kupiga kelele naye kwa sababu baba yake alikuwa anapiga kelele, na kitu fulani kikaanguka, na mke akacheka.

Hakuna aliyekumbuka kwamba sisi tuko kwenye simu. Désiré alinyoosha mkono kuikata, akaurudisha. Tukakaa pale mezani, watu wazima wawili, tukisikiliza nyumba ya watu ikishangilia pointi moja.